Siku Shule Yetu Ilipotembelewa

Wiki iliyopita mvua ya upepo ilinikuta nimesahau kufunga dirisha la sebuleni, na niliporudi kutoka kazini pazia lilikuwa limeloa chapachapa. Ni pazia la mtumba, zito, rangi ya samli, nililolichagua sokoni kwa kulipapasa tu, maana mtoto wa muuza mapazia hadanganyiki kwa macho. Nilipoliinua nilikamue, harufu yake ikanipanda puani: vumbi la robota, dawa ya nondo, sabuni ya nchi za watu, na maji ya mvua juu yake. Nikajikuta nimekaa sakafuni na pazia mapajani, nacheka peke yangu. Mume wangu akachungulia kutoka jikoni kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko darasa la nne, asinisumbue.

Waliosoma shule za serikali za Kampala miaka yetu wataielewa shule yetu bila maelezo mengi. Ilikuwa chini ya kilima cha Nsambya, imebanwa kati ya nyumba za askari polisi na nyumba za reli, jengo moja refu lenye paa la mabati lililopakwa rangi nyekundu enzi za watu tusiowajua. Juu ya paa hilo walisimama makaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokula takataka za jiji, wamejipanga kama wazee wa kamati. Watoto wa shule za kulipia walituita wanafunzi wa Kwa Makaloli. Tulipigana nao kwa ajili ya jina hilo, kisha tukalizoea, na mwishowe tukawa tunalitumia wenyewe.

Mzazi aliyeweza kumhamisha mtoto alimhamisha. Kila muhula ulipofunguliwa tulitazamana na kukuta mapengo. Walimu nao waliyeyuka mmoja mmoja, hadi darasa la tatu na la nne tukawekwa chumba kimoja, tumepeana migongo, wao wakitazama ubao wa mbele na sisi ubao wa nyuma. Hadithi za darasa la tatu zilikuwa tamu kuliko hesabu zetu, kwa hiyo mimi na rafiki yangu Akello tulifaulu hadithi na kuanguka hesabu. Chumba cha mwisho hakikuwa na wanafunzi tena. Kilikuwa na mbuzi. Hatukuwahi kumjua mwenye mbuzi hao, na hakuna aliyeuliza.

Wazazi wangu walitoka Kenya, upande wa Bungoma, kabla sijazaliwa. Baba aliendesha mashine katika kiwanda cha sabuni, na mama alitembeza mapazia ya mtumba. Tulipanga chumba kimoja Namuwongo, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilisogea mezani. Kila alfajiri mama alijitwika robota lake akapanda nalo hadi Mbuya, kwenye nyumba za wake za maafisa wa jeshi, ambao alisema hawachoki kubadilisha mapazia kwa kuwa waume zao hawachoki kuhamishwa. Alirudi jioni miguu imejaa vumbi jekundu, na kazi yangu ilikuwa kumletea karai la maji.

Nilikuwa na dada, Nafula, aliyenizidi miaka minne. Shule ilipoanza kudorora, baba alimpeleka Kenya kwa nyanya akasome huko kwa muda. Muda huo haukuisha. Krismasi moja alikuja kutuona, amerefuka, akampa mama mkono na kumwamkia kwa adabu zote, kama anavyoamkiwa mke wa mchungaji. Mama aliupokea ule mkono, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Niliyaona hayo yote. Kwa hiyo baba aliposema, jioni moja tukila, kwamba amesikia shule yetu itafungwa mwisho wa mwaka na itabidi nami nimfuate dada yangu, nililirudisha tonge sahanini. Nilimpenda nyanya, msinielewe vibaya, na kwake kulikuwa na ndizi na maziwa. Ila sikutaka ifike siku nami nimpe mama yangu mkono.

Mwalimu mkuu mpya aliletwa muhula wa tatu, wakati hata sisi watoto tulikuwa tumeshaikatia shule tamaa. Alikuwa Muganda, mfupi, mwenye mwavuli ambao hakuufungua hata jua liwake vipi. Aliutumia kuelekezea vitu. Siku ya kwanza aliuelekeza kwa mbuzi, na mbuzi wakatoka. Tulimwita Madamu tu, kana kwamba hapakuwa na madamu mwingine Kampala nzima. Alifundisha darasa la tano mwenyewe, akafagia uwanja mwenyewe, na jioni tulimwona akizunguka nyumba za askari, mlango hadi mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kile cha Kampala kinachobadilishana r na l, lakini wake za polisi wengi walitoka kaskazini na hawakuwa na Luganda, kwa hiyo alikivunjavunja bila haya na wao wakamsaidia kukiunga.

Tatizo lake lilikuwa wazazi. Akiita mkutano walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa amekuja kuuliza njia. Mikutano ya shule ilijulikana kwa kuomba, na watu wa kwetu walikuwa wameombwa vya kutosha maishani. Basi asubuhi moja, kwenye gwaride, Madamu akasimama mbele yetu mwavuli juu.

"Watoto," alisema, "shule kubwa za bweni ziko na siku ya kutembelewa. Wazazi wanakuja na kuku, na soda, na mikeka. Nyinyi mumekosa nini? Jumamosi ya wiki ijayo na nyinyi mutatembelewa."

Tulitazamana. Anayeijua Kampala anaijua siku ya kutembelewa. Mzazi hufunga safari, hupika usiku kucha, hufika kwenye bweni na vikapu, akatandika mkeka kwenye nyasi na kumlisha mwanawe kama anayemnenepesha kwa Krismasi. Mtoto asiyetembelewa siku hiyo hukumbuka hadi uzeeni. Lakini sisi tulikuwa shule ya kutwa! Akello alilala hatua thelathini kutoka lango la shule. Ukisimama kwenye gwaride letu la asubuhi uliziona sare za baba yake, Afande Odong, sajini wa polisi, zikining'inia kwenye kamba.

"Mimi nakwenda tembelea mutoto nafukuza asubuhi kwenda shule?" Mama Akello alimuuliza Madamu mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Madamu, weye nachekesha sisi."

"Hakuna kuchangisha, nyabo," Madamu alisema, akimwita bibi kwa Luganda. "Hakuna mukutano. Ni kutembelea tu: unakuja, unaona mutoto, unakula, basi. Mama wa nyumba ya pili amesema analeta kuku."

"Nani? Huyu?" Mama Akello alitazama nyumba ya pili.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba Madamu alisema maneno hayohayo kwenye nyumba ya pili kuhusu Mama Akello. Kufikia Jumatano wanawake walikuwa wanaulizana nani atapika nini. Hakuna binadamu Kampala anayeweza kukaa ndani huku jirani anapita na kikapu kwenda kumlisha mwanawe mbele za watu.

Mimi peke yangu nilielewa jambo lililokuwa likitendeka, au ndivyo nilivyoamini. Muda mfupi kabla ya hapo, Mzee Barasa, mtu wa kwetu aliyestaafu reli, alilazwa hospitali ya kule kilimani. Mama akasema twende tukamtembelee. Alichinja kuku, akapika chapati, akanunua soda, akavaa gauni la kanisani na kunibebesha mkeka. Tulitandika kwenye nyasi za hospitali, watu wa nyumbani wakaja kutoka kila pembe ya jiji, wakacheka sana, kuliko walivyocheka harusini, mpaka nesi akatufukuza. Alhamisi yake Mzee Barasa akafa. Nilipomuuliza mama kwa nini tulimpikia vyote vile mtu asiyeweza hata kumeza, alijibu, "Angalau tulimtembelea, akatuona."

Sasa jumlisheni wenyewe. Kuku, soda, mikeka, nguo za kanisani, watu wote kuitwa siku moja. Na baba alikuwa ameshasema mwisho wa mwaka shule itafungwa. Hesabu za ubaoni zilinishinda, lakini hiyo niliipata. Shule yetu ilikuwa mahututi na ndugu walikuwa wanaitwa. Nikafikiri zaidi, nikaona na dawa: mgonjwa ambaye hajatembelewa bado anasubiri watu wake, na anayesubiri hawezi kuondoka. Nilimweleza Akello nyuma ya vyoo. Akello akasema nimerukwa na akili, na kwamba jogoo wao ameshanunuliwa na amefungwa chini ya kitanda.

Kwa wazazi wa mbali na nyumba za askari, Madamu alituma barua. Ya kwetu nilipewa mimi mkononi, imekunjwa mara mbili. Jioni mama aliponiambia niwashe sigiri, jiko letu la makaa, niliiwasha kwa hiyo barua. Ilishika moto vizuri, karatasi ya ofisi haina makosa. Mama akanisifu, akasema leo umepata akili ya moto.

Jumamosi nilimwambia mama tuna masomo ya ziada. Yeye akajitwika robota lake kwenda Mbuya, mimi nikateremka shuleni. Sijaiona tena shule ikiwa vile. Mikeka ilijaa chini ya mfenesi na kando ya ukuta, na mvuke wa matoke yaliyofunguliwa kwenye majani ya migomba ulichanganyika na harufu ya karanga zilizosagwa na kuku wa kukaanga. Wazee wa reli walikuja na makoti. Mama Akello alitembea zile hatua zake thelathini akiwa amevaa gauni la gomesi la kung'aa, kikapu kichwani, na alipofika alijifuta jasho na kuvuta pumzi kana kwamba ametoka Gulu kwa miguu. Kila mama alimgeuza mwanawe huku na huku kumkagua. Watoto nao wakacheza mchezo huo, wakajifanya kudeka, wakauliza habari za nyumbani.

Nilikaa kwenye ngazi ya darasa. Mwanzoni nilijiona shujaa, nimempunguzia mgonjwa wageni wawili. Kisha njaa ikaja. Kisha ikaja ile nyingine, ambayo si njaa. Niliwatazama wenzangu wakilishwa kwa mkono, nikaona ndivyo itakavyokuwa kule Kenya: watoto wa watu na mama zao, na mimi kwenye ngazi. Machozi yakaanza kunitoka, nami sikuyazuia.

"Weye, kuja hapa!" Ilikuwa sauti ya Mama Akello. "Mbona nakaa peke yako kama mutu ya kufiwa? Mama yako iko wapi?"

"Mbuya," nikasema.

"Na barua?"

"Niliichoma."

Alinivuta hadi kwenye mkeka wao, akanipa paja la kuku, akamgeukia mumewe. Afande Odong alikuwa ametoka zamu, bado amevaa sare. Alisikiliza, akaacha chakula chake, akatoka langoni akapanda bodaboda.

Sehemu hii inayofuata mama aliisimulia kwa miaka mingi, na kila mara Afande Odong alizidi kuwa mrefu. Mama alikuwa amemtandikia mke wa afisa mapazia barazani alipomwona polisi anaingia. "Weye mama ya Nekesa?" polisi akasema. "Kuja. Ni mambo ya mutoto yako." Afande Odong hakuwa mtu wa maneno mengi, alidhani hayo yalitosha. Na kweli, yalimtosha mama kuamini kwamba treni imenigonga. Alipakizwa kwenye bodaboda, robota mapajani, akilia kwa Kibukusu kutoka Mbuya hadi Nsambya.

Aliposhuka langoni macho yake yalikuwa yanatafuta damu. Akanikuta mkekani na paja la kuku mkononi. Alinipiga kofi, akanikumbatia, akanipiga la pili, akanikumbatia tena. Kisha akaambiwa habari ya barua.

"Ulichoma kwa nini?"

"Ili shule isife."

"Isife vipi? Sema vizuri!"

Nikasema vizuri. Nilisema yote, kwa kwikwi, habari za Mzee Barasa na kuku na soda na Alhamisi, na kwamba mkimaliza kula itakufa na mimi nitapelekwa Kenya. Watu wa mikeka ya karibu waligeuka kunisikiliza. Halafu wakaangua kicheko. Mama Akello alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Hata mama alicheka, huku bado analia.

"Umesoma nusu, mjinga wewe," akaniambia akinifuta kamasi kwa kiganja. "Watu hutembelea mgonjwa ili apone. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hujasikia?"

Madamu alikuwa amesimama kando yetu na mwavuli wake. Yeye hakucheka. Alinitazama, akageuka, akaenda nyuma ya jengo, na akakaa huko muda mrefu kuliko mtu anavyokaa bila sababu.

Mvua ya Kampala haibishi hodi. Ilikuja kutoka ziwani kwa mkupuo mmoja, na watu wazima na masufuria yao wakakimbilia madarasani. Hapo ndipo wazazi wetu walipoingia kwenye madarasa yetu kwa mara ya kwanza. Walikaa chini, kwa sababu madawati yaliyobaki yalikuwa yameliwa na mchwa. Maji yalianguka kwenye matoke. Yaliingia kwa madirisha yasiyo na mbao, yakapita ukutani, yakafuta hesabu ubaoni. Afande Odong aliinua uso kutazama paa na tone likamwingia jichoni.

"Nyinyi nasoma hapa?" akamuuliza Akello.

"Ndiyo, baba."

"Na mvua ikija?"

"Tunahamia kona ile."

"Na kona ile ikijaa?"

"Tunakuja nyumbani."

"Unakuja nyumbani unasema mwalimu naumwa."

Akello aliinamisha kichwa. Afande Odong hakumgombeza. Alitazama tena juu, safari hii akikinga jicho kwa mkono, na nilimwona akihesabu matundu, midomo ikimcheza.

Mama alikuwa ndiye mzazi pekee aliyekuja mikono mitupu, na jambo hilo lilimkera kuliko makofi yake mwenyewe. Alifungua robota. Akachagua mapazia mazito, mzee mmoja wa reli akampatia misumari na jiwe la kugongea, wakayatundika kwenye madirisha yote ya upande wa upepo. Darasa likawa na maua makubwa ya bluu na ya njano, likawa na joto, na ile harufu ikajaa chumba kizima. Watu wakarudia kula. Wanaume waliongea kwa sauti ya chini kona moja, wakielekeza vidole darini. Mapazia yale hayakurudi Mbuya, na sikumsikia mama akiyataja.

Jumanne tulisomea chini ya mfenesi, kwa sababu juu ya paa kulikuwa na wanaume sita. Afande Odong alikuwa ameomba mabati ya zamani yaliyoshushwa kwenye nyumba za askari zilipoezekwa upya, akapewa. Wazee wa reli walileta ngazi na lami. Makaloli walihamia kwenye ukuta wa jirani, wakatazama kazi kwa dharau. Kina mama watatu walikuwa wanapika uji. Saa nne gari likaingia, akashuka mtu wa ofisi ya elimu ya jiji, shati jeupe, faili kwapani. Madamu alimfuata katikati ya uwanja, na kwa kuwa tulikuwa nje, tulisikia kila neno.

"Nyabo, hawa ni nani wamepanda juu ya nyumba ya serikari?"

"Ni wazazi, ssebo."

"Barua ya kufunga si uliipata? Tukakubaliana. Wewe mwenyewe uliniomba siku moja ya kuaga watoto, nikakupa. Siku imepita."

Akello alinishika mkono. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Madamu aliwaita wale watu wote na kuku wao kuja kuaga, na hakumwambia mtu. Sikuona fahari yoyote. Nilimtazama Madamu, nikaona mwavuli umeshuka hadi ncha yake inagusa vumbi. Kwa mara ya kwanza nilimwonea mtu mzima huruma.

Yule mtu akainua kichwa. "Nyinyi huko juu! Mmefuata nini?"

Nyundo zikanyamaza. Afande Odong alikuwa amebana misumari midomoni. Aliitoa mmoja mmoja, bila haraka.

"Sisi tumekuja tembelea watoto, mkubwa."

"Siku ya kutembelea ilikuwa Jumamosi!"

"Ndiyo," Afande Odong akasema. "Bado hatujamaliza."

Akarudisha misumari mdomoni, akagonga. Wengine wakagonga.

Yule mtu hakuwa mbaya. Alisimama pale akatazama paa, akatazama madirisha yenye maua ya bluu na ya njano, akatazama kina mama na sufuria yao ya uji. Barua yake ilisema wazazi wameitupa shule, na hao walikuwa wameipanda. Mwishowe akauliza kama chumba cha mwisho, kile kilichonuka mbuzi, nacho kitaezekwa. Madamu akainua mwavuli kuonyesha bati lililokuwa linapandishwa hapo hapo. Akaingia kwenye gari na faili lake, akasema atarudi mwaka ujao kuona.

Gari lilipotoka, Madamu alipita karibu na mfenesi, akainama sikioni mwangu.

"Nekesa, wewe uliona," alisema polepole. "Mimi nilitaka mule vizuri mara moja. Basi." Akanyooka. "Lakini hesabu zako ni aibu. Kaa mbele."

Siwezi kusema kila kitu kilinyooka. Watoto wengine waliohama hawakurudi, na kwa miaka miwili tulikalia madawati ya kugongwagongwa na mafundi wa reli, yaliyochana sketi. Lakini Afande Odong aliwarudisha kaka wawili wa Akello kutoka shule ya kulipia, akisema hawezi kuezeka nyumba halafu wanawe walale kwa jirani, na askari wengine wakaona haya wakafuata. Walimu wakaongezwa. Darasa la nne likapewa chumba chake, kile cha mwisho, na siku za joto harufu ya mbuzi ilirudi kutusalimu. Mwaka mpya ulipofunguliwa palikuwa na foleni langoni. Baba alinipeleka mwenyewe, akasimama kwenye foleni hiyo na kofia mkononi, na habari za Kenya hakuzitaja tena.

Siku ya kutembelewa Madamu hakuifuta. Hadi leo shule ile ya kutwa inaifanya, na Kampala inaicheka.

Mwaka ule uliofuata mama hakwenda kazini Jumamosi hiyo. Tulikunywa uji pamoja asubuhi, akanisuka, akanifunga vifungo, kisha akanisukuma mlangoni. "Tangulia. Mtoto hatembelewi na mtu aliyekuja naye." Nikatangulia. Nilikaa kwenye nyasi nikingoja, na moyo ulinidunda kana kwamba sijui kama atakuja. Akaingia langoni na gauni la kanisani, kikapu kichwani, akitazama huku na huku kati ya watoto, anatafuta ni yupi wake. Nikasimama. Alitua kikapu, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza kwenye mwanga akaniangalia sana.

"Umekonda, mwanangu," akasema. "Huko wanakulisha kweli?"

Alikuwa anatania, kama wazazi wote walivyotania siku ile. Lakini mikono yake hakuiondoa kwenye mashavu yangu.

"Nakula vizuri, mama," nikamwambia. "Nipo hapa tu."